Mizabibu ya Khalil: Ni Nani Aliyeifufua?

Ziko habari ambazo mtu akizisoma mara ya kwanza humpendeza, na akizirudia mara ya pili humtia fikira. Mojawapo ni hii ya mizabibu ya milima ya Khalil, katika nchi ya Palestina. Kwa muda wa miaka kumi na kitu sasa, magazeti ya Ulaya na Marekani yamekuwa yakieleza kwa shangwe kwamba watengenezaji mvinyo wa sehemu hizo wameanza kuziacha mbegu zilizotoka Ufaransa na kuirudia mizabibu ya asili ya milimani. Husemwa kwamba zabibu zilizokuwa zimekufa na kusahauliwa sasa zimefufuliwa.

Sisi hatuna haja na mvinyo, na msomaji wetu wa Mwambao aijua sababu bila ya kuelezwa. Lililotufanya tushike kalamu ni hilo neno "kufufuliwa". Hakifufuliwi ila kilichokufa. Basi twauliza: mizabibu hiyo ilikufa lini, na aliyeizika ni nani?

Khalil, mji ambao Wazungu wauita Hebron, uko kiasi cha kilomita 30 kusini ya Baitul Muqaddas. Ni mji wa milimani, zaidi ya mita 900 juu ya usawa wa bahari, na wakati wa kipupwe huweza kupata hata theluji. Umechukua jina la Nabii Ibrahim, Khalilullah, ambaye yaaminiwa amezikwa hapo pamoja na watu wa nyumba yake. Ukitoka mjini kwenda kaskazini wafika Halhul, penye msikiti unaonasibishwa na Nabii Yunus, kwenye mlima unaopita mita 1,000. Pande zote za njia, kulia na kushoto, utaona kuta fupi za mawe zilizopangwa jiwe juu ya jiwe bila ya chokaa wala saruji, zikiuzuia udongo usichukuliwe na mvua. Juu ya kila ngazi ya udongo huo ndipo ulipo mzabibu. Miti mingine haikuinuliwa juu ya chanja bali imeachwa itambae chini. Haitiliwi maji ya mfereji. Yangoja mvua za kipupwe, kisha yamaliza kiangazi chote kwa unyevu uliobakia ndani ya ardhi.

Mizabibu hiyo ina majina, na majina yake yajulikana na watoto wadogo. Kuna dabuki, zabibu nyeupe yenye kuzaa kwa wingi. Kuna hamdani na jandali, nyeupe vilevile. Kuna zaini na bairuti. Kuna halawani, nyekundu, ambayo huchelewa kuiva hadi zenziwe zimekwisha sokoni. Kuna shami, na kuna nyeusi waziitazo baladi, yaani za kwetu, kama sisi tusemavyo kuku wa kienyeji. Palestina, baada ya mzeituni, hakuna mti wa matunda wenye kutegemewa zaidi ya mzabibu, na makao makuu ya mzabibu ni Khalil.

Si jambo la jana hilo. Al-Muqaddasi, mwanajiografia mzaliwa wa Baitul Muqaddas, aliandika kitabu chake karibu na mwaka 985 wa Miladi. Alipohesabu vitu ambavyo nchi yake yasifika kwavyo, alizitaja zabibu kavu za Ainuni na za Duri. Beit Ainun na Dura ni vijiji vya Khalil, na vipo hadi leo. Miaka 60 na kitu baadaye, mwaka 1047, alipita msafiri wa Kiajemi, Nasir Khusraw. Akaona jinsi kila mgeni aliyefika Khalil alivyokuwa akikirimiwa kwa heshima ya Nabii Ibrahim: mkate mmoja wa mviringo, bakuli la adesi zilizopikwa kwa mafuta ya zeituni, na zabibu. Jiko hilo la sadaka halijazimika. Laendelea kulisha watu karibu na Msikiti wa Ibrahim.

Yapokewa pia kwamba Mtume (s.a.w.) alimpa sahaba Tamim ad-Dari ardhi ya Khalil pamoja na vijiji kadha vya jirani, Beit Ainun ikiwa kimojawapo, na kwamba ardhi hiyo ikawa wakfu wa kizazi chake. Sehemu kubwa ya mashamba ya mizabibu ya pale ilikaa chini ya wakfu huo karne kwa karne, mkulima akilima na wakfu ukipata haki yake. Sisi wa Mwambao, ambao tumeona viwanja vingapi vya wakfu vikiyeyuka kama chumvi ndani ya maji, twaweza kupima wenyewe uzito wa jambo hilo.

Sasa yafaa tuulize jinsi watu wasiokunywa mvinyo walivyoweza kuihifadhi mizabibu ya namna nyingi hivyo, kwa karne zaidi ya kumi na tatu. Maana mti hautunzwi kwa mapenzi matupu. Hutunzwa kwa kuwa una kazi nyumbani, na mzabibu wa Khalil umepewa kazi tangu majani yake yachipue hadi matawi yake yakatwe.

Mwanzo wa mwaka hupogolewa, na yale matawi yaliyokatwa huwa kuni. Inapofika Aprili na Mei wanawake huchuma majani machanga, ambayo hujazwa mchele na nyama yakakunjwa na kupikwa. Majani hayo huuzwa sokoni, na ziko nyumba ambazo hupata fedha zake za kwanza za mwaka kwa majani kabla ya kuona tunda lolote. Kisha huja tunda bichi lenye ukali, ambalo hutiwa katika chakula mahali pa ndimu. Kuanzia Julai na Agosti zabibu zaanza kuiva, na watu wa nyumba walikuwa na desturi ya kuhamia shambani, wakilala katika vijumba vya mawe vyenye ghorofa moja au mbili ili wazilinde na kuzichuma. Vijumba hivyo vyaonekana mpaka sasa milimani, vingine vimebomoka.

Zisizoliwa zikiwa mbichi huanikwa juani zikawa zabibu kavu. Nyingine hukamuliwa, na hapo ndipo penye ufundi. Maji ya zabibu huchanganywa na udongo mweupe wa chokaa wa milima hiyohiyo, ambao hupunguza ukali na kuvuta takataka zikazama chini. Kisha huchujwa na kuchemshwa kwa saa nyingi, mpaka yakawa mazito na meusi mfano wa asali ya miwa. Hiyo ndiyo dibsi. Haitiwi sukari hata punje moja, na hukaa mwaka mzima bila ya kuharibika. Maji hayohayo yakipikwa pamoja na semolina, yakapakazwa juu ya vitambaa na kuachwa juani, hukauka yakawa kama ngozi laini. Ngozi hiyo hukunjwa na kuwekwa akiba ya siku za baridi. Huitwa malban. Aliyekula halua ya Lamu au ya Mombasa anaweza kukisia utamu wake, ingawa malban yatafunika zaidi na haina samli.

Kwa kila kazi katika hizo, kuna zabibu inayofaa kuliko nyingine. Yenye maji mengi yafaa dibsi, yenye nyama na ngozi nene yavumilia safari ya soko, yenye kuchelewa yauzwa ghali wakati wengine wamekwisha. Hiyo ndiyo siri iliyofanya aina nyingi zisipotee. Mkulima hakuziweka kama mtu awekavyo sarafu za zamani ndani ya sanduku. Alizihitaji zote.

Hapa turuhusiwe tutoke kidogo njiani. Sisi Waswahili tulipolichukua neno zabibu kutoka Kiarabu, tulichukua jina la tunda lililokauka. Mwarabu zabibu mbichi huiita inabu, na zabib kwake ni ile kavu tu. Lakini jahazi halikuweza kuleta inabu Mwambao ikiwa nzima. Lilileta kavu, ndani ya vikapu pamoja na tende, na tulipokuja kuliona tunda bichi tukalipa jina la mtoto wake. Na neno mvinyo hatukulipata kwa Mwarabu. Hilo tuliachiwa na Mreno, pamoja na ngome yake. Mtu akitaka kujua ni nani aliyetuletea nini, na asikilize ulimi wake mwenyewe, hata anapoagiza tambi zenye zabibu na hiliki usiku wa Ramadhani.

Tuirudie hadithi ya mvinyo. Katika miaka ya 1880, tajiri mmoja wa Ufaransa, Baron Edmond de Rothschild, aligharimia mashamba ya walowezi wa Kiyahudi huko Palestina, na mizabibu iliyopandwa ikatolewa Ufaransa. Tangu hapo, kwa zaidi ya miaka 100, aliyetaka kutengeneza mvinyo katika nchi hiyo alitumia mbegu za Kizungu, na zabibu za wenyeji zikahesabiwa kuwa za kula tu, hazina hadhi ya kutiwa chupani. Watengenezaji walizidharau. Waliokuwa wakizila hawakuzidharau.

Waliogeuka mapema ni watawa Wakatoliki wa Cremisan, karibu na Beit Jala, upande wa Bethlehem. Watawa hao wana kiwanda cha mvinyo kilichoanzishwa mwaka 1885. Kuanzia mwaka 2008, kwa msaada wa mtaalamu wa Kitaliani Riccardo Cotarella, walianza kutoa mvinyo wa zabibu za asili: dabuki, hamdani pamoja na jandali, na baladi. Majina hayo wakayaandika waziwazi juu ya chupa. Mwaka 2013 jamaa wa Khoury, Wakristo wa kijiji cha Taybeh karibu na Ramallah, nao wakafungua kiwanda chao, na zabibu ya zaini imo kati ya wanazotumia. Wakristo wa Palestina wana desturi yao na dini yao, wala hatuna la kuwalaumu. Bali twawapa haki yao: waliitambua mali ya nchi yao wakaiita kwa jina lake.

Kisha wakaja wengine. Katika Chuo Kikuu cha Ariel, ambacho kimejengwa ndani ya makazi ya walowezi wa Kiisraeli katika Ukingo wa Magharibi, mtafiti Elyashiv Drori na wenziwe walikusanya kokwa za zabibu zilizochimbuliwa katika magofu ya kale, wakazilinganisha na mizabibu iliyo hai kwa kupima chembe za urithi. Mwaka 2015 iliripotiwa kwamba wamepata aina 120 hivi zisizofanana na zilizoletwa kutoka nje, na kwamba 20 hivi kati yake zafaa kwa mvinyo. Mwaka huohuo kampuni ya Kiisraeli ya Recanati ikatoa mvinyo wa zabibu ya marawi, ambayo ndiyo hiyohiyo hamdani kwa jina la pili. Habari zikasambaa dunia nzima kwamba umerudi mvinyo wa zama za Nabii Daudi na Nabii Isa.

Zabibu zenyewe zilitoka wapi? Zilitoka kwa mkulima wa Kipalestina, ambaye aliomba jina lake lisitajwe.

Hapo ndipo habari yote ilipo. Chupa ina jina, kampuni ina jina, mtafiti ana jina, na mfalme aliyekufa miaka karibu 3,000 iliyopita ana jina. Asiye na jina ni yule aliyeamka alfajiri akaupogoa mti. Sababu za kujificha kwake si ngumu kukisia. Huenda aliwaogopa jirani zake kwa kufanya biashara na kampuni ya Kiisraeli. Na huenda alikuwa na jambo lingine moyoni, kwa kuwa maulamaa wengi wamekataza kumuuzia zabibu mtu ambaye yajulikana kwa yakini kwamba atazifanya mvinyo. Hilo ni baina yake na Mola wake. Lakini mtu mwenye shamba la baba yake na babu yake, ambaye soko lake limebanwa mpaka mnunuzi mwenye bei nzuri ni mmoja tu, asihukumiwe haraka na sisi tuliokaa barazani tukinywa kahawa.

Kuna watakaosema: maadamu zabibu zimepata thamani, ugomvi uko wapi? Kweli, thamani ni kitu kizuri. Lakini na tuupime mfano huu kwa kibaba chetu wenyewe. Mnazi wa Mwambao una dafu, una nazi na tui, una mafuta, una makuti ya kuezekea, una kumbi la kusokota kamba, una kifuu cha kufanyia upawa. Na una tembo. Wangapi katika wazee wetu walikuwa na mashamba ya minazi wala hawakuonja tembo maishani mwao? Sasa aje mgeni kutoka mbali, akutane na mgema mmoja, kisha aende akaandike kwamba mgema ndiye aliyeuokoa mnazi wa Afrika Mashariki usipotee. Mgema hakusema uongo, na tembo lake ni tembo kweli. Lakini mama aliyekuna nazi kila siku ya Mungu kwa miaka 60 ameingia wapi katika hadithi hiyo?

Wala tusidhani kwamba mizabibu ya Khalil imesalimika kwa kuwa mvinyo wake wasifiwa. Hatari iliyo juu yake haikuhusu kiwanda. Ni ardhi yenyewe. Huko Cremisan, wenyeji wa Beit Jala walipigania mahakamani kwa miaka mingi ukuta wa Israeli usipitishwe katika bonde lao. Mwezi wa Aprili 2015 Mahakama Kuu ya Israeli iliwasikiliza, na ilipofika Julai ikaruhusu kazi iendelee. Agosti mizeituni ya watu ikang'olewa. Kijiji cha Battir, chenye ngazi za mawe na maji ya chemchemi, kiliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2014 kwa jina la Ardhi ya Mizeituni na Mizabibu, na siku hiyohiyo kikaandikwa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Mji wa kale wa Khalil nao ukafuata mwaka 2017, ukaandikwa vivyo hivyo.

Zamani zabibu za Khalil zilikuwa zikiuzwa mpaka Gaza na Jordan. Njia ya Gaza ilifungwa kwa mzingiro wa mwaka 2007. Wakulima wamelalamika kwa muda mrefu kwamba zabibu za mashamba makubwa ya Kiisraeli, zenye maji ya mfereji, huingia masokoni mwao kwa bei wasiyoweza kushindana nayo. Na tangu Oktoba 2023 vizuizi vya barabarani vimeongezeka, na mashambulizi ya walowezi juu ya wakulima yamezidi. Zabibu si mahindi. Ukiichuma leo, ikakaa ndani ya gari juani mbele ya kizuizi mpaka kesho, umekwisha kupata hasara.

Tarehe 31 Julai 2025, Muungano wa Kamati za Kazi za Kilimo wa Palestina ulitangaza kwamba majeshi ya Israeli yameingia na matingatinga katika kituo chake cha kuzalishia mbegu mjini Khalil na kuvibomoa vyombo na majengo yake. Mbegu za hapo zilikuwa za mboga na nafaka za kienyeji, baladi kama wasemavyo. Twaitaja habari hii kwa sababu moja. Katika mji huohuo, katika miaka hiyohiyo, ulimwengu ulikuwa ukishangilia kwamba mbegu ya kale imepatikana ndani ya chupa, na ghala ambamo wenyeji waliziweka mbegu zao kwa mikono yao likasukumwa kwa tingatinga.

Kwa hivyo sisi twaomba mambo mawili, wala si makubwa. Kwanza, anayeandika juu ya zabibu hizi, na awe mtaalamu wa mvinyo au mwanahistoria, aandike kwamba zilipatikana zikiwa hai, katika mashamba ya watu, na aitaje Halhul na Dura na Beit Ainun na al-Khader kama anavyovitaja vijiji vya Ufaransa. Pili, wafanyabiashara wetu wa Mombasa na Malindi, ambao kila mwaka huagiza tende za Saudia na zabibu kavu za nchi mbalimbali kabla ya Ramadhani, wajaribu kuuliza kama dibsi na malban ya Khalil yaweza kufika. Vitu hivyo havihitaji barafu. Vimetengenezwa makusudi vikae.

Huko Halhul kazi haijangoja maombi yetu. Kipupwe kikipita, wazee watashuka tena shambani na makasi yao, wahesabu macho mawili au matatu juu ya kila tawi, wakate yaliyozidi, na wairudishe mahali pake kila jiwe lililoangushwa na mvua.